Mungu Alinifikia Kupitia Fizi

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Mnanijua, Mama Kadzo muuza samaki. Leo sishuhudii habari za jini wala kurogwa. Nashuhudia fizi! Chekeni tu, hata mimi nilicheka.

Nililelewa Vitengeni. Ah, siku zile! Mahindi mabichi yakifika, mamangu aliyachoma mekoni, sisi tukatafuna huku yeye akiimba, na hakuna aliyemshinda kwa sauti. Fizi zikitutoka damu, alitupaka ugoro kidogo, akatukataza mswaki. "Usikitoneshe kidonda, mwanangu." Nikayashika hayo hadi uzee huu, hapa Malindi. Kila nilipoonja ugoro nilimwona mama. Ningeuachaje?

Lakini ndugu zangu, mama yule alipigwa na kiharusi. Akaishi bila neno, machozi tu, hadi Bwana alipomchukua. Basi presha yangu ilipopanda ikakataa kushuka, na dawa nameza, niliogopa mno! Sikuogopa kufa. Niliogopa kunyamazishwa kama yeye.

Siku moja kliniki, daktari aliona damu mdomoni mwangu, akanipeleka kwa mwenziwe wa meno. Binti huyo akaniamkia shikamoo, akanichungulia kinywani, akatikisa kichwa.

"Mama, ugonjwa wa fizi unaweza kuidhuru hata mishipa ya damu. Tukiutibu, huenda mishipa ikapata nafuu. Siahidi, na dawa za presha usiache. Ila ugoro uuache, na mswaki uurudie."

Akanikwangua ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, uliojificha chini ya fizi. Nililia, ndugu zangu! Iliniuma, ndiyo, lakini nililia zaidi kwa kuagana na mkono wa mama. Alitutibu kwa alichokijua, na kwa mapenzi tele. Hadi leo namkumbuka, na simlaumu hata chembe.

Nilirudi tena na tena kusafishwa. Haleluya! Damu imekatika, na presha imeshuka. Daktari hawezi kusema ni dawa, ni fizi, au ni vyote pamoja. Mimi namjua wa kumshukuru!

Mtumainini Mungu, ndugu zangu, maana hata mikono ya madaktari ni yake. Kesho asubuhi mkipiga mswaki, temeni mate myatazame. Mkiona damu, msinyamaze, nendeni mkatibiwe. Nawaambia haya nikiwa bado ninayo sauti.