Alfajiri ya Kuazima

Kwenye kona ya kichochoro kimoja kaskazini mwa Kolkata kuna nyumba kuukuu ambayo mwenyewe anaishi ghorofani na ya chini hataki kuyajua. Baraza yake ya saruji imekuwa mali ya wazee wanne kwa kukaliwa tu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipiga fagio, lakini kila mmoja ana mahali pake, na mgeni akikaa hapo kwa bahati mbaya huangaliwa mpaka ainuke mwenyewe. Kila jioni, Ramdin muuza chai anapoanza kumimina chai kwenye vikombe vya udongo pale ng'ambo, wazee hao hutokea wamejifunga mafla, wamevaa kofia za sufu zilizofunika masikio yote mawili, jambo la ajabu kidogo kwa watu wanaosema wamekuja kusikiliza muziki.

Mkubwa wao ni Gosto, mstaafu wa tramu, na kwa kuwa ni mkubwa wote humwita Gosto-da, kama mtu anavyomwita kaka yake. Kwake yeye muziki ni raga, zile tuni za kale za Kihindi, na kila raga ina saa yake. Wa pili ni mwalimu wa jiografia aliyestaafu, ambaye jina lake limesahaulika. Anaabudu okestra za Ulaya, kwa hiyo anaitwa Vienna, ingawa magharibi ya mbali kabisa aliyowahi kufika ni Asansol, mji wa saa chache tu kwa treni, tena kwa harusi. Wa tatu ni Poltu wa duka la dawa, anayeamini kwamba masikio yaliumbwa kwa ajili ya muziki wa filamu. Spika ni yake, kwa hiyo hafukuziki.

Wa nne ni Nimu, na jioni hii ilikuwa yake ya mwisho. Mkewe alishafariki, nyumba imepata mpangaji, na usiku huo alikuwa apande treni kwenda Pune kuishi kwa binti yake. Wenzake walikuwa wameamua kumuaga kwa kipande kimoja cha muziki, kile akipendacho kuliko vyote. Wamebishana tangu jua lilipozama, na bado spika haijatoa hata mlio.

—Nimu ni mtu wa Yaman, alisema Gosto-da. Mtazame tu. Mpole, hana haraka. Huyo ni mtu wa raga ya jioni, atake asitake.

—Acha zako, Gosto-da, Poltu akadakia. Nimu ni mtu wa filamu. Kila nikipiga ule wimbo wa mazishi penye mvua, anafumba macho.

—Anasinzia, akasema Vienna.

—Analia!

—Basi analia kwa ajili ya spika yako, maana inakoroma. Nimu ni mtu wa okestra kubwa. Majuzi nilimpigia simfonia nzima, vipande vyote vinne. Hakusema neno!

—Hakusema neno kwa sababu alikuwa ng'ambo ananunua chai, akasema Poltu. Chai yako mwenyewe, Mwalimu.

—Jamani, alisema Nimu, kwa kweli mimi...

—Ngoja kwanza, Nimu, Gosto-da akamkata. Si unaona tunakuzungumzia wewe?

Nimu akangoja, kama alivyongoja miaka yote. Kipande chake anacho, tena kiko mfukoni kwenye simu. Ni muziki wa filamu moja ya mlinda-njia wa reli, filamu iliyoondolewa kwenye sinema kabla watu hawajajua imeingia. Karibu na mwisho, mzee wa reli anangoja treni gizani, na filimbi inapiga Lalit, raga ya saa ile kabla jua halijachomoza. Halafu fidla zinaingia chini yake polepole. Ndani yake mna raga, mna okestra, mna filamu, yaani kila kitu ambacho baraza hii inakigombania. Nimu anakipenda mno, na alitaka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: wenzake hawa wakisikie. Alikileta mara moja, mwaka aliohamia mtaani. Gosto-da alisikia noti tatu, akazima spika kwa mkono wake mwenyewe. "Lalit saa ya magharibi? Unataka kutuua?" Tangu siku hiyo Nimu akawa mtu wa kununua chai.

Hapo ndipo teksi ya manjano ilipoingia kichochoroni ikasimama. Akashuka Raghav, mume wa binti yake Nimu, kijana wa Pune mwenye begi mgongoni, aliyekuja kumchukua. Alikuwa amewahi sana, kwa sababu alishaambiwa habari za foleni za daraja la Howrah, la kwendea stesheni. Wazee wote waliinuka nusu, kama inavyompasa mkwe, wakamsukumia bisi za mchele zilizokorogwa na mafuta ya haradali. Mahali pa kukaa hawakumpa.

—Karibu, mkwe wetu, alisema Gosto-da. Umefika kwa wakati. Tunachagua muziki wa kumuaga baba yako. Mwambie huyu wa dawa kwamba ni Yaman.

—Okestra, akasema Vienna.

—Mazishi penye mvua, akasema Poltu.

Raghav akatafuna bisi, akamtazama mmoja mmoja.

—Hivyo si ndivyo mnavyopenda nyinyi? akauliza. Baba mwenyewe anapenda kipande gani?

Poltu aligeukia spika yake kana kwamba imemwita. Vienna, ambaye hakuna swali asilolijibu, akaingiza kidole chini ya kofia akakuna upara. Ng'ambo ya barabara Ramdin alisikika akipuliza jiko.

—Nimu, alisema Gosto-da hatimaye, kwa sauti ya chini. Kwani wewe unapenda nini?

Nimu akawaambia. Alipofika kwenye neno Lalit, Gosto-da akashika kichwa kwa mikono miwili.

—Mungu wangu! Kwa nini usipende kitu cha saa hizi?

—Gosto-da, mpigie mwenzio tu, akasema Poltu. Anaondoka.

—Nyinyi mnadhani hii ni sheria yangu? Kule Bardhaman, kwa babu yangu, alikuja mwimbaji mmoja akaimba raga ya alfajiri watu wametoka kula chakula cha mchana. Maziwa yote ya nyumba yakaganda. Nyati jike wa kufugwa akakataa kukamuliwa!

—Labda nyati alikuwa na sikio la muziki, akasema Vienna. Huko Ulaya wanapiga chochote saa yoyote.

—Ndiyo maana wanaishi kwenye barafu!

—Ngoja, ngoja, Poltu akasema, maana hoja ilikuwa imeanza kumnogea. Kuna ukweli hapo. Nyinyi mmejiuliza tramu za mtaa huu zilikufaje? Ni yale maspika ya sikukuu. Saa mbili asubuhi wanapiga nyimbo za usiku wa manane! Chuma nacho kinachoka.

Gosto-da akamtazama kwa heshima ambayo Poltu hakuwahi kuiona.

—Hilo nimelisema kazini miaka kumi, alisema. Hawakunisikiliza.

—Na barabara kuchimbuliwa kila mwezi?

—Ni hilo hilo. Ardhi haijui tena ni saa ngapi.

Nimu akaanza kujifunga shali. Aliona mambo yanaelekea kule kule kwa siku zote, na roho yake ilikuwa nzito. Akajisemea kwamba Pune nako kuna alfajiri, atasikiliza peke yake.

—Lakini jamani, alisema Vienna, akainua kidole kama aliye mbele ya ubao. Alfajiri haijaisha duniani. Sisi hapa ni saa ya magharibi. Kwa hesabu ya mzunguko wa dunia, sasa hivi Chicago bado kiza, jua liko karibu kutoka.

Poltu akaruka.

—Babla yuko Chicago! Mpwa wangu!

—Kwa hiyo? akauliza Gosto-da.

—Kwa hiyo tunampigia Babla simu. Muziki tunampigia yeye. Saa yake ni halali. Sisi hatusikilizi, tumekaa tu karibu.

Gosto-da akalipima hilo. Tramu zilikuwa na kanuni nyingi, na yeye alijua mahali ambapo kila kanuni ina upenyo.

—Lakini jua lisiwe limetoka, alisema. Muulize kwanza.

Simu iliita ikakaribia kukatika. Sauti nzito ya usingizi ikajibu:

—Nani amekufa?

—Hajafa mtu, Babla. Fungua pazia. Jua limetoka?

—Mjomba, mko wazima nyote?

—Fungua pazia, mwanangu!

Ikasikika miguu, na kitu kikaanguka.

—Bado kiza, alisema Babla. Kuna theluji.

—Safi, akasema Gosto-da. Nimu, mpigie mtoto.

Nimu akaunganisha simu yake na spika. Raghav akamsaidia. Poltu aliishika simu yake mwenyewe mbele ya spika kwa mikono miwili, na wazee wale, kwa mara ya kwanza katika umri wa baraza ile, wakavua kofia na kuachia masikio wazi kwenye baridi. Filimbi ikaanza. Ilikwenda ikasita, ikarudi nyuma, ikajaribu tena, na chini yake fidla zikaja kama watu wanaotembea bila viatu. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesema "aha!" wala kupiga goti, wala kumwambia mwenzake hujui kitu. Walikaa wima mpaka noti ya mwisho ikaisha.

—Nzuri sana, alisema Poltu.

—Nzuri mno, alisema Vienna. Ahsante.

—Tunakushukuru, Bwana Nimai Sarkar, alisema Gosto-da.

Bwana Nimai Sarkar! Jina lile lilitumiwa na benki na mtu wa kusoma mita ya umeme. Kwenye baraza ile kitu kizuri kilikatizwa, kikatukanwa, kikarudishwa nyuma na kupigwa tena mpaka Ramdin anafunga. Adabu waliwawekea wageni. Miaka yote alitamani wanyamaze, na sasa wamenyamaza, akaona heri wangezima spika kwenye noti ya tatu kama zamani. Alikuwa ameshaondoka kabla hajapanda teksi.

Akatupa kikombe chake cha udongo chini, kama ilivyo desturi, kikapasuka juu ya vigae vya jana. Raghav akachukua begi. Wote wakasimama kumsindikiza, kila mmoja na uso wa msibani.

Gosto-da alikuwa ameuma midomo. Alikuwa mwekundu, na mshipa wa shingo umesimama.

—Safari njema, alisema. Nimu. Nisamehe. Nilijiapiza sitasema.

—Sema nini?

—Mpiga filimbi yule alifaa kufungwa!

Nimu akageuka.

—Umesemaje?

—Lalit haina noti ya tano! Mtoto wa kunyonya analijua hilo! Na yeye kaigusa. Pale kabla ya fidla. Kaigusa mchana kweupe, masikio yangu yameungua!

—Kaigusa makusudi! Nimu akapiga kelele, na hakuna mtaani aliyewahi kumsikia akipiga kelele. Yule mzee amekata tamaa, treni haiji! Unataka aguse nini, wewe mkata tiketi?

—Mkata tiketi nani? Nilikuwa mkaguzi!

—Fidla ndizo zimeiokoa, alisema Vienna. Bila Ulaya mngelala hapo njiani.

—Zimeokoa nini? Fidla zimechelewa! akasema Poltu. Ingekuwa mimi, ningeweka mvua.

—Wewe mvua hiyo utazikwa nayo! akasema Vienna.

—Gosto-da hajui kitu, ilisema sauti kutoka mkononi mwa Poltu. Hiyo noti ndiyo treni yenyewe.

Wakaitazama simu.

—Babla, bado uko hapo? akauliza Poltu.

—Niko. Nimeketi kitandani. Irudieni.

—Jua limetoka? Gosto-da akauliza kwa ukali.

—Linatoka sasa hivi.

—Basi nyamaza! Raga imeshakupita, huna haki ya kusema!

Nimu alikuwa amerudi mahali pake, shali limeanguka begani, uso umemwaka. Gosto-da alikuwa amemkalia karibu, magoti yamegusana, anaimba ile noti ya makosa na kupiga paja kuonyesha palipoharibika. Aliiimba sawasawa. Aliiimba tena. Mara ya tatu akafumba macho.

—Baba, alisema Raghav. Treni.

—Irudie, Nimu, alisema Gosto-da. Nikuonyeshe.

—Chicago kumekucha, akasema Poltu.

—Mwalimu! Wapi bado kiza?

—Zaidi magharibi, alisema Vienna, tayari amechora ramani hewani. Pwani ile ya mwisho ya Marekani. Huko ndiyo kwanza Lalit inaiva.

—Nani ana mtu huko?

Wakatazamana. Baraza nzima haikuwa na jamaa yeyote katika pwani ile ya mwisho. Kisha Gosto-da akamgeukia kijana aliyesimama na begi.

—Mkwe wetu, kwenu je?

Raghav akatazama saa. Akamtazama dereva wa teksi, ambaye alishajikunyata kwa Ramdin na kikombe mkononi. Akamtazama baba mkwe wake, aliyekuwa anangoja jibu lake kwa macho ambayo Raghav hajawahi kuyaona kwake.

—Dada yangu yuko Seattle, alisema.

Wazee wakasogea, kila mmoja kidogo, naye Raghav akapata mahali pa kukaa.