Mama Mwaba na Mwanafunzi Wake Aitwaye Citoyen

Tarehe 29 Julai 1989, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha hesabu vijana wa kampuni ya shaba, Citoyenne Mwaba Chileshe atafunga mlango wa kalasi yake na kurudisha funguo. Kituo chetu cha mafunzo cha Tuendelee kinapoteza mwalimu. Mimi Numbi, fundi umeme, ninapoteza mtu pekee aliyeweza kuninyamazisha. Watu wa Ndola walijaribu, na wa Kinshasa, na hata wazungu wa Kolwezi. Wote walishindwa.

Alianza mwaka 1958 na chaki moja na sauti ya kengele. Wakubwa wengi wa leo, wenye villa kule mtaa wa Golf na tumbo ndani ya koti la abacost, walijifunza kugawanya mbele yake. Wakikutana naye njiani bado wanaficha mikono nyuma. Sitaji majina. Wanajijua.

Lakini sifa yake kubwa ni kalasi ya ordinatere, yaani kompyuta. Mwaka 1986 mashini sita zilitufikia kutoka Ubelgiji, kwa reli, kupitia Sakania, pamoja na diskete za masomo ya hesabu. Direkteri akasema ni majaribio: zikimpendeza mjumbe wa Chama siku ya ufunguzi, zinabaki, zisipompendeza, zinapelekwa mji mwingine. Mama Mwaba alizitaka kwa moyo wote. Alikuwa na kundi la vijana walioanguka hesabu, na wakianguka tena, kwaheri ufundi, kila mtu kwao. Mmoja wao, Ngosa, mrefu kama mulingoti, hakufungua kinywa kalasini kwa sababu wenzake walimcheka. Mama aliona jambo ambalo sisi wataalamu hatukuliona: mashini haicheki. Ukikosea inakuuliza tena, na tena, bila kukunja uso. (Aliyechomeka fishi za umeme ukutani ni mimi. Hilo liandikwe.)

Siku ya ufunguzi ikafika. Mjumbe amekaa mbele, direkteri anatoka jasho, vijana wamenyooka kama misumari, Ngosa mbele ya mashini ya kwanza. Nikawasha. Kioo kikawaka, na mashini, mtoto wa Ubelgiji asiyejua dunia, ikauliza kwa herufi kubwa: TON PRENOM ?

Jamani! Prénom! Jina la ubatizo, mbele ya Chama! Katika nchi ambapo majina ya ubatizo yalikatazwa tangu 1972, na kila mmoja anatembea na jina la mababu! Kalasi ikawa baridi. Ngosa, ambaye mwaka mzima hakufungua kinywa, siku hiyo ndiyo akakifungua:

"Mama, miye siko na prénom! Mashini njo inasema, hapana miye!"

"Nyamaza, Zéphirin!" mwenzake akamnong'oneza, jina la ubatizo wazi kabisa, mpaka mimi kwenye fishi nikalisikia.

Mjumbe akakunja kipaji cha uso. Mama Mwaba akatembea polepole kama anayeenda kupokea komunyo, akainama, akabonyeza kwa kidole kimoja neno ambalo Chama kinataka tuitane sote, yaani raia: CITOYEN. Mashini ikaruka kwa furaha: BONJOUR CITOYEN ! Ngosa akajibu swali la kwanza. BRAVO CITOYEN ! Akajibu la pili. BRAVO CITOYEN ! Mjumbe akasimama, akapiga makofi mpaka saa ikamtoka mkononi.

"Hii mashini iko Muzairwa kabisa!" akasema.

Mashini zikabaki. Miye nikacheza ngoma kwenye koridori, na direkteri alijifanya haoni.

Tangu siku ile hakuna kijana aliyethubutu kuandika jina lingine. Kumbe mashini inatunza alama kwa jina la mtu! Kazi ya kundi zima ikarundikwa juu ya kichwa kimoja. Mwisho wa mwaka ofisi kuu ikaona kwamba hapa Tuendelee kuna kijana mmoja, Citoyen, anayefanya hesabu tangu asubuhi mpaka jioni, kwenye mashini sita kwa wakati mmoja, bila kula. Wakamtumia baiskeli ya zawadi na kuuliza habari za afya yake. Mama akawajibu kwamba mtoto ni mzima, ila ana miguu mingi, na baiskeli itapandwa kwa zamu. Ilipandwa hivyo, na kundi lote likafaulu mtihani. Ngosa leo ni fundi mitambo. Anaongea mpaka tunamwomba apumzike.

Juzi nilipita kukagua fishi zangu. Mama Mwaba alikuwa peke yake mbele ya mashini ya kwanza, na kwenye kioo swali lilelile. Miaka mitatu amewafundisha wengine jibu, na yeye hakuwahi kulijibu. Akaangalia dirisha, akaandika neno refu, kwa kidole kimoja. Mashini ikasema BONJOUR, halafu jina ambalo mama yake mzazi alimpa kanisani, na ambalo humu ndani halijasikika miaka kumi na saba. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho. Jina lenyewe siliandiki. Gazeti letu hili la kazini linasomwa na watu wa kila namna. Tena mimi nilikuwa naangalia fishi.

Asante, Mama, kwa vijana wote uliowangojea mpaka wakapata jibu. Nenda salama nyumbani kwako, ule bukari ya moto, ugali wetu, ulale mchana bila aibu, na wanaokupenda wakuite kwa lile jina refu.