Étienne Rwabuhihi na Beberu wa Mitamba Miwili

Wachungaji, wazee wa kanisa, shefu wa kijiji, ndugu mlioshuka kutoka milimani, majirani wa Luberizi na wa Kiringye, pamoja nanyi mliovuka mto Ruzizi asubuhi ya leo, familia inawashukuru kwa kuja, nayo inawaomba mtulie ili msomewe maisha ya ndugu yetu Étienne Rwabuhihi, tangu alipozaliwa mpaka hapa tunapomlaza, leo Jumanne tarehe 16 Februari 1971.

Marehemu alizaliwa mwaka 1924 huko Bijombo, kwenye milima mirefu iliyo juu ya Uvira, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Sebagenzi na mama Kankindi, na baada yake mama aliwapoteza watoto wawili kabla hajampata Semana, ambaye mnamwona ameketi karibu na jeneza. Aliingia shule ya misioni ya Kiprotestanti mwaka 1934, akabatizwa mwaka 1937, na alikuwa bado na hamu ya kusoma wakati baba yao alipofariki mwaka uleule, Semana akiwa ananyonya, hivyo Étienne akaacha shule, akarudi kuchunga ng'ombe na kumlea mdogo wake kama mtoto wake mwenyewe.

Mwaka 1946 alishuka bondeni akapata kazi ya uchungaji kwenye shamba la mkoloni mmoja karibu na Luberizi, akafundishwa kuchanja na kutibu mifugo, na kutoka hapo alizunguka na baiskeli yake hata Kamanyola, mpaka watu wakamzoea kwa jina la muganga wa ng'ombe. Tarehe 10 Septemba 1949 alifunga ndoa na Léa Nyirahabimana, wakajaliwa Marie mwaka 1951, Norbert mwaka 1954, Georgette mwaka 1958, na Sabine, ambaye kuzaliwa kwake tutawaeleza mahali pake.

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, yule mkoloni aliamua kurudi kwao, na Jumamosi tarehe 20 Agosti akauza mifugo yake kwa mnada. Kulikuwa na beberu mmoja mweupe wa asili ya Ulaya, mwenye kifua kipana na ndevu ndefu, ambaye Étienne alimzalisha mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na aliijua ndoo ya maziwa ambayo mbuzi yule mama alikuwa akiijaza kila asubuhi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Bukavu alimtaka beberu huyo pia, kwa sababu ya ukubwa wake tu, akawa anapandisha bei na Étienne anapandisha, watu wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka, na nyundo ilipogonga meza, beberu alikuwa wa Étienne, kwa bei ya mitamba miwili.

Mitamba hiyo aliiuza kwelikweli, nayo ndiyo iliyokuwa imewekwa kwa mahari ya Semana, aliyekuwa amemchumbia Nyiramana, binti wa Kiringye. Léa alipomwona mume wake anafika na kamba mkononi alisimama mlangoni akamwuliza, "Weye Étienne, ngombe mbili kwa mbuzi moja? Sasa tutakula nini, ndevu yake?" Semana alifunga nguo zake, akaenda kulala kwa rafiki yake, na kwa muda mrefu akimkuta kaka yake njiani alikuwa anavuka upande wa pili.

Familia haitaficha kwamba mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya. Étienne alikuwa na majike machache tu, aliwatoza majirani walioleta mbuzi wao kupandwa, nao wakaacha kuja, beberu akabaki amefungwa anakula majani bora ya bonde lote, na wana wake wa kwanza wengi wakafa masika kwa sababu zizi lilikuwa linaingia maji. Siku moja Léa, ambaye hakuwa amesahau ile mitamba, alimwambia, "Umenunua damu nzuri, halafu umeifunga mu kamba. Fungua zizi, bantu balete majike yabo bure, mtoto wa kwanza akiwa jike watupe." Jioni ileile Étienne alilifungua zizi, kisha akaliinua juu ya miti lisiingie maji.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Majike waliokuja kutoka Kiringye na Kamanyola walizaa watoto wakubwa wenye maziwa, na kina mama waliokuwa wanakosa maziwa wakati wa kiangazi walikuwa wanakamua kwa ajili ya watoto wao, naye Étienne alipata mbuzi wa kutosha kubadilisha na ng'ombe. Mwezi wa Julai 1963 alipeleka Kiringye mitamba miwili iliyo mizuri kuliko ile ya kwanza, Semana akamwoa Nyiramana, na siku ya arusi alimshika kaka yake mkono mbele ya watu akasema, "Minye nilikuwa na hasira, lakini leo imeisha." Étienne alimjibu kwamba hasira ile ilikuwa na haki yake, kwa maana yeye hakumwuliza kabla ya kuiuza mitamba.

Mwezi wa Mei 1964 uasi ulifika bondeni. Risasi zilisikika upande wa barabara, nyumba zikaanza kuungua, na Étienne alikimbia kuelekea Ruzizi pamoja na mama yake mzee, Léa akiwa na mimba kubwa, watoto, Semana na Nyiramana, na jirani zao wajane waliokosa mtu wa kuwaongoza, beberu akiwa anavutwa kwa kamba kwa sababu Étienne hakukubali kumwacha. Maji yalikuwa yamejaa. Mwenye mtumbwi, Nkeshimana, mtu wa ng'ambo, upande wa Burundi, alikuwa ameogopa kurudi tena, kwa kuwa mtumbwi wa mwenzake ulikuwa umepigwa risasi asubuhi ileile, akasema, "Kwa faranga sirudi. Nikifa, watoto wangu watakula faranga ngapi?"

Étienne alimtazama mama yake aliyekuwa amekaa kwenye matope, akamtazama Léa, kisha akaweka kamba mkononi mwa Nkeshimana. Nkeshimana alimfahamu beberu yule, kwa sababu sifa zake zilikuwa zimevuka mto kabla yake, akashangaa, akauliza, "Huyu wa mnada?" Étienne akasema, "Ni yeye. Nikifa ao ukifa, watoto wako watabaki na maziwa. Vusha wote, na wajane pia." Nkeshimana alivuka na kurudi mpaka hakubaki mtu ukingoni, na beberu alivuka wa mwisho, akiwa amelazwa miguuni pa Étienne. Sabine alizaliwa ng'ambo, tarehe 2 Juni 1964, salama.

Walirudi Luberizi mwezi wa Machi 1966, zizi likiwa majivu, lakini wana na wajukuu wa yule beberu walikuwa bado kwa majirani waliokuwa wamejificha nao porini, na Étienne akaanza upya kwa jike aliyeletewa na mama mmoja wa Kiringye. Mwaka 1969 tajiri mmoja alikuja kutaka dume wake wa damu ya yule beberu kwa bei iliyowashangaza wote, na badala ya kupokea, Étienne alimwuliza ana majike mangapi, zizi lake likoje, na majirani zake ni nani. Tajiri alipojibu kwamba anataka tu mbuzi wa kuonyesha wageni, Étienne alimwambia, "Basi usinipe hiyo bei, iko bei ya mbuzi mwenye kazi. Wako atakuwa amekaa tu." Akamuuzia dume mwingine, wa kawaida, kwa bei ya soko.

Ugonjwa wa ini ulimwanza mwezi wa Oktoba 1970, akalazwa Uvira, akapata nafuu, akarudi nyumbani kwa Krismasi, kisha hali ikabadilika, naye akafariki Jumapili tarehe 14 Februari 1971 saa tatu asubuhi, Léa akiwa amemshika mkono na Semana akimsomea Zaburi. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali ya Uvira, wachungaji waliomwombea, wachanjaji wenzake, majirani waliobeba machela kwa zamu, na mzee Nkeshimana, ambaye amevuka mto kuja kumzika, na amekataa kukaa kwenye kiti cha wageni.

Mwisho, Léa ameomba tangazo hili lisomwe. Dume mkubwa hatauzwa kulipia matanga, hilo marehemu alilikataza mwenyewe. Wenye majike waliokuwa wamepanga kuja wiki hii waje kesho kutwa kama kawaida, Semana atakuwepo, na zizi litakuwa wazi.

Étienne, mtoto wa Sebagenzi, kazi yako umeimaliza, upumzike katika amani ya Bwana.