Hakuna Aliyemtumia Mama Ugonjwa

Bwana Directeur wa shule yetu, Mheshimiwa Chifu, Papa Pasta, wazazi wa komite, walimu, wanafunzi wenzangu, na ninyi akina mama mliorudi Kashuga wiki hii na mizigo bado haijafunguliwa: nawasalimu nyote.

Mimi ni Shekinah. Mnanijua kama yule msichana anayejibu kwa kutikisa kichwa. Leo shule inafunguliwa upya baada ya vita, na nimepewa neno kwa sababu nasoma Kifaransa na Kiswahili, na kwa sababu kaka yangu Élysée amekataa. Naogopa, sifichi.

Nitasema juu ya mama yangu, Mwalimu Emérita, aliyewafundisha wengi wenu kusoma.

Tulipokimbilia kambini, alianza kusahau. Aliita watoto kwa majina ya marehemu. Alijibu sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Watu walisema ni vita, na nani hapa angebisha? Nani kati yetu hashtuki mlango ukijibamiza? Lakini vidole vyake vilivimba, na mashavuni akawa na wekundu usiotoka. Ndipo maneno yakageuka: amelogwa, ametumiwa ugonjwa. Jamaa wakaketi, na macho yote yakaenda kwa jirani yetu, Mama Dorothée, kwa sababu waliwahi kugombana kwenye robine, wakichota maji. Wengine wenu mlikuwepo.

Huko Goma, hospitalini, Daktari Floribert alipima damu, akasema ni lupus. Alieleza kwa Kifaransa, mimi nikamgeuzia Papa, baba yangu, kwa Kiswahili. Kwamba damu ina askari wa kulinda mwili, na wa Mama wamegeuka, wanampiga yule yule waliyepaswa kumlinda. Papa alicheka kwa uchovu.

"Hiyo usinielezee, mutoto. Mimi niko muntu wa Masisi, basoda ba vile nabajua."

Daktari akaendelea. Ndani ya chembe za ubongo kuna wajumbe wadogo sana, wanaitwa RNA; wanachukua maagizo pale yanapotunzwa, wanayapeleka pale kazi inapofanyika. Askari hao wakipenya hadi ubongoni, wanaweza kuvuruga mahali ujumbe unaposomwa. Nikamwambia Papa ni kama motari, dereva wa pikipiki, aliyetumwa Mweso na barua, akazuiliwa kwenye bariyeri barabarani: barua ni nzuri, aliyeiandika ni mzima, lakini kule inakongojewa hakuna anayeisoma. Daktari aliongeza kwamba wataalamu wenyewe hawajamaliza kuelewa jambo hili, bado wanatafuta. Nilipenda kwamba hakuona haya kusema hivyo.

Kisha Papa akauliza swali ambalo jamaa wote walitutuma nalo.

"Muulize, nani njo alituma hao basoda?"

Niliogopa kuligeuza: nani aliyewatuma hao askari? Daktari alimtazama Papa, si mimi, akajibu polepole: hakuna mtu. Wametoka katika mwili wake mwenyewe.

Papa akasema, "Sasa tutamuambia nini Mama Dorothée?"

"Tutamuambia pole," nikasema.

Tulikwenda kwake. Alituacha tusimame juani mpaka tukatota jasho, kisha akauliza kama Mama anapata usingizi.

Mama anakunywa dawa. Zile sauti zimenyamaza. Ugonjwa huu hauambukizi. Hata mtoto akishikwa mkono, hautamfikia. Siku nyingine majina bado yanampotea, na hapo anamuuliza mtoto, mtoto anamwambia. Je, kuna mwalimu wa mwaka wa kwanza asiyemuuliza mtoto jina lake?

Wazazi wa komite, najua leo mtaamua kama atarudi darasani. Mimi sina kura. Nasema tu niliyoyaona. Leo asubuhi Mama Dorothée alimleta mjukuu wake, akamkalisha benchi la mbele, mwaka wa kwanza. Alipoambiwa kwamba mwalimu bado hajajulikana, alisema, "Mimi najua mwalimu yake. Mutoto anamungoja."

Mama yuko nje, karibu na jiko la shule. Amekataa kuingia kabla hamjasema neno. Ningeweza kumwita mimi, lakini mimi ni mtoto wake, angekuja tu. Namwomba mzazi mmoja kati yenu ndiye aende kumwita.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.