Mama Nta na Utepe Mweupe

Baada ya miaka thelathini na moja ya kung'arisha ndege zetu ndogo, Mama Nta anastaafu tarehe 30 Juni. Wageni hudhani kazi yake ilikuwa kurembesha tu. Sisi tuliofanya naye kazi tunajua aliifanya kwa hofu, na tuna kila sababu ya kuishukuru hofu hiyo.

Alianza kama mfagiaji. Fundi rangi wa wakati ule alimwona akifuta bawa kwa mkono mwepesi, akamwomba kwa bosi. Tangu hapo, hakuna kopo la polishi wala nta lililoingia karakana bila kupita kwake. Aliinusa, akaisugua kati ya vidole kutafuta chembe zinazokwaruza rangi, kisha akaipaka kwenye mlango wa ndege chakavu uliolazwa juani nyuma ya karakana. Muuzaji mmoja mwenye maneno matamu aliapa kwamba nta yake haina mpinzani. Iling'aa kweli, ila baada ya wiki chache za jua ikawa ya manjano kama meno ya mvuta sigara. Muuzaji aliporudi kuchukua oda, alioneshwa ule mlango. Hakumaliza chai yake.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kuitaja siku ya utepe.

Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Vikiziba, vipimo vya kimo na mwendo humdanganya rubani. Mama Nta alikuwa akiviziba kwa utepe mwekundu ili nta isiingie, kisha anaubandua. Siku hiyo mwekundu ulikuwa umekwisha, akatumia mweupe, juu ya rangi nyeupe. Akasahau. Rubani naye alikagua harakaharaka, hakuuona. Akaruka na abiria watatu.

Mama Nta alikuwa akikunja vitambaa alipoiona roli ya ule utepe mweupe mezani, akakumbuka hakuubandua. Alikimbia hadi chumba cha mawasiliano, na aliyekuwa zamu kwenye redio ni mke wa rubani huyohuyo.

“Dada, mrudishe! Nimeacha utepe kwenye vitundu. Ni mimi.”

Yule dada akabonyeza kitufe, akasema kwa sauti yake ya kila siku, “Usiingie mawinguni. Vipimo vyako usiviamini.”

Rubani alijibu kwamba kipimo cha kimo hakijasogea tangu aruke, na vilima vya mbele vimefunikwa. Mwalimu wetu wa urubani akapaa na ndege nyingine, akamfikia, akaruka sambamba naye huku akimsomea kimo na mwendo kwa redio. Sisi tulitoka nje wote. Ndege ikaja ikiyumba, ikagusa chini, ikadunda, ikatulia. Abiria mmoja alishuka akiuliza kama wameshafika.

Mama Nta alitaka kuacha kazi jioni ile. Aliyemkatalia ni mke wa rubani. “Ungenyamaza, sasa hivi ningekuwa mjane,” alimwambia. “Ukiondoka, wataleta mtu asiyejua kuogopa.”

Akabaki. Utepe mweupe ukapigwa marufuku, na hakuna ndege iliyoruka kabla hajaipapasa ubavuni kwa kidole, hata marubani wakinung'unika. Wiki iliyopita nilimuuliza kama hofu imemtoka. “Bado,” akasema, “na wewe isikutoke.”

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda ndege. Jumapili iliyopita rubani yule na mkewe walimbembeleza mpaka akakubali, nami nikaketi kando yake. Alifumba macho tangu tulipoanza kukimbia ardhini, mkono wangu ukiwa umebanwa hadi ukafa ganzi. Alipoyafumbua tulikuwa juu ya mawingu. Alilitazama bawa, machozi yakimlengalenga, kisha akaninong'oneza, “Pale mwishoni pana doa.”

Mama, doa hilo tuachie sisi. Asante kwa yote. Ulale usingizi mnono, na ndege ikipita juu ya nyumba yako, ujue imeshapapaswa.