Fundi wa Mvuke Anatuaga Ijumaa

Wengi hudhani kwamba kwenye mashine ya kufulia, mvuke ndio unaofua. Kinachofua ni maji na sabuni. Mvuke hulegeza nyuzi, hupunguza makunyanzi na kuondoa harufu. Maelezo hayo fundi wetu mkuu amempa kila mteja, wakiwemo waliokuja kuulizia friji. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu.

Mashine za mvuke zilipoingia, sisi wenzake tulirudisha tatu kwa wakala tukidai ni mbovu, kwa sababu hatukuona moshi kwenye kioo. Ya nne aliifungua yeye. Akatuonyesha maji kidogo chini ya pipa, na kipasha joto kinachoyachemsha hadi mvuke upande kupitia matundu. Mvuke wenyewe hauonekani, alisema. Kioo hufanya ukungu tu. Zile tatu tulizifuata wenyewe, mvua ikinyesha. Tangu siku hiyo tunamwita Mjomba Mvuke. Mkewe hulalamika kwamba hata ukweni huanza kusalimia mashine, ndipo amfikie mama mkwe.

Siku moja tulikwenda kutengeneza mashine kwa mjane mmoja. Tulipomaliza, binti yake akaleta koti la kuijaribia, akaliingiza ndani. Fundi akauliza ni la nani. La marehemu baba, binti akajibu, bado linanuka tumbaku, anataka kumfurahisha mama. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha mvuke. Fundi akaziba kitufe kwa kiganja, akamwita mama kutoka jikoni.

Mama alilitoa koti, akazamisha pua kwenye kola, akakaa juu ya kapu la nguo chafu.

Fundi akamwambia, "Mama yangu, mashine hii inafanya kazi vizuri mno."

Kisha akavua ovaroli yake, akaijaribia hiyo, akasubiri dakika ishirini akiwa na fulana. Tuliporudi karakana, mlinzi hakumtambua kwa ovaroli isiyo na makunyanzi, akamwomba kitambulisho.

Mjomba, asante kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya na mapumziko marefu, na shemeji yetu tunamwombea subira, maana bisibisi unaondoka nazo.

Nasi tunaobaki: leo, kabla ya kubonyeza kitufe cha mvuke, muulize mwenye nguo.