Mwalimu Pang Anataka Kuangushwa

Lanxiu: Haloo? Nani mwenzangu? Kama unataka tofu laini imekwisha, imebaki ngumu.

Pang: [kwa kunong'ona] Si tofu. Ni mimi.

Lanxiu: Mimi nani? Paza sauti basi, mashine ya kusagia soya inanguruma hapa!

Pang: Siwezi kupaza sauti. Ni Pang. Pang wa bustanini.

Lanxiu: Pang wa— [mashine inazimwa] Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu!

Pang: Marahaba. Umeshakula?

Lanxiu: Nimekula, na wewe umekula? Na makalio— samahani, nyonga. Nyonga yako vipi?

Pang: Sema makalio tu, ndiyo yaliyotua. Hayajambo. Mwanangu Yunqing ameyabandika plasta kubwa kama kalenda. Nanuka kafuri mpaka jirani anapiga chafya.

Lanxiu: Mwalimu, naomba radhi. Haki naomba radhi. Tangu Jumatano sina amani. Nikifumba macho naiona miguu yako tu, imechomoza kwenye maua ya manispaa.

Pang: Maua yalikuwa laini. Sikiliza, sina muda—

Lanxiu: Daktari Luo kapita hapa dukani. Hakununua kitu. Kasema kwa sauti, wateja wote wasikie, eti mimi ndiye niliyekulaza hospitali.

Pang: Luo ni daktari wa meno! Nyonga yangu anaijulia wapi? Nilipigwa picha, nikarudi nyumbani kwa miguu— ngoja. Nyamaza.

Lanxiu: Kuna nini?

Pang: [kimya]

Lanxiu: Mwalimu? Haloo? Mtandao huu...

Pang: [mkwaruzo, kisha kelele za vigae] Haya, ongea sasa. Niko stoo, katikati ya mitungi ya achari. Yunqing anacheza majong sebuleni na wenzake. Wakichanganya vigae vya mchezo naweza kusema. Wakinyamaza, nanyamaza.

Lanxiu: Unajificha nyumbani kwako?

Pang: Sijajificha. Nimesema naenda kukaa kimya niutazame ukuta, nipumue chini ya kitovu, mtu asinisumbue.

Lanxiu: Na ukuta umeutazama?

Pang: Siku mbili. Haujasema kitu. Bi Lanxiu, nina shida na wewe.

Lanxiu: Yunqing alishakutangulia kuniambia. Alikuja hapa jana na mwavuli mkononi. Alisema nikikanyaga tena pale mnapofanyia mazoezi ya taichi, atauvunjia mgongoni kwangu.

Pang: Mwavuli gani?

Lanxiu: Wa bluu.

Pang: Huo hauvunjiki, ni mzuri. Sasa nisikilize. Kesho Jumamosi wanafunzi tisa wanakuja kupiga magoti mbele yangu na kunipa chai. Nikishainywa, mimi ni baba yao mpaka kufa. Unaijua desturi hiyo?

Lanxiu: Naijua. Mimi ndiye niliyeombwa tofu ya karamu. Kisha nikaambiwa nisilete.

Pang: Kabla sijaigusa chai ya mtu, nataka unisukume tena.

Lanxiu: Nini?

Pang: Tusukumane mikono, kama juzi uliponiangusha. Wewe na mimi.

Lanxiu: Mwalimu, umegonga kichwa pia siku ile?

Pang: Ngo— [kimya]

Lanxiu: ...

Pang: [kelele za vigae] Nimegonga makalio tu, kichwa kizima. Bi Lanxiu, nijibu kweli. Ulikuwa na wiki ngapi kwetu?

Lanxiu: Sita.

Pang: Na katika wiki sita uliwaona wenzako wakisukumana na mimi?

Lanxiu: Kila siku. Nikiwagusa wewe— yaani ukiwagusa wewe, wanaruka. Bi Fu anarudi hatua tatu. Luo anarudi tano, anapiga kelele "Aaaah!" na kofia inamtoka.

Pang: Na ulidhani ni nini?

Lanxiu: Nilidhani ndiyo hiyo nguvu ya ndani inayosemwa! Nikasema loo, mzee ana umeme. Hakuna aliyeniambia kwamba ni adabu.

Pang: Adabu. Ndivyo wanavyoiita?

Lanxiu: Bi Fu alinivuta pembeni baada ya wewe kuanguka. "Huna macho wewe? Hukuona wenzio wanavyofanya?" Nikamwambia niliona, ndiyo maana niliogopa, nikajishikiza ardhini. Akasema, "Mpumbavu, Mwalimu ana miaka sabini na tisa!"

Pang: [vigae vinaendelea kugongana]

Lanxiu: Mwalimu? Uko? Vigae nasikia...

Pang: Nipo. Mwezi wa tatu, tukiwa tumepumzika, nilinyoosha mkono nichukue chupa yangu ya chai. Luo alikuwa amekaa karibu. Akaanguka.

Lanxiu: [anacheka, anajizuia] Pole.

Pang: Cheka tu. Kwa sababu ya chupa! Mtu mzima, kapinduka na kiti cha mianzi. Na unajua nilifanya nini mimi? Nilitabasamu. Nikakunja mikono, nikatabasamu kama sanamu ya hekaluni. Nilijua, Bi Lanxiu. Nusu yangu ilijua, ila ilikuwa tamu, basi nikaiacha.

Lanxiu: Kila mtu ana tamu yake.

Pang: Hii imenila. Miaka arobaini na sita kila alfajiri nasimama kama mti. Mvua, baridi, hata siku ya kumzika mama Yunqing nilisimama. Sasa sijui kama mikononi mna kitu au mna Luo anayeruka. Siwezi kupokea magoti ya watu tisa kwa kitu nisichokijua. Naona haya. Nimeona haya siku mbili nzima, huku nimetazamana na mitungi ya achari.

Lanxiu: Aisee...

Pang: Wewe tu ndiye hukuruka. Njoo kesho.

Lanxiu: Nawe una wanafunzi sitini! Mchague mwingine, umwambie asiruke.

Pang: Nilimwita Bi Fu jana, kwa siri. Nikamwambia, binti yangu, leo usianguke. Simama kweli.

Lanxiu: Ikawaje?

Pang: Akasimama. Nikamsukuma. Akanitazama machoni, akanionea huruma, akaanguka.

Lanxiu: Jamani!

Pang: Na akalia. Sss— [kimya]

Lanxiu: [kwa mbali] Hapana mama, laini imekwisha, nimeshasema! Ngumu hiyo, kaange na pilipili. Haya. — Mwalimu?

Pang: [mkwaruzo] —nasema, siku ile ulinifanyaje? Sikuhisi nguvu yoyote. Nilihisi kama sakafu imehama.

Lanxiu: Sijui. Nilifanya kama ninavyofanya kazini.

Pang: Kazini unafanya nini?

Lanxiu: Nakamua tofu! Ukishaifunga kwenye kitambaa unaweka ubao juu, halafu mikono. Ukilazimisha inapasuka, umepata uji. Usiposhuka kabisa maji hayatoki. Basi huibani. Unauacha uzito wako ushuke wenyewe, na viganja vinasikiliza maji yanaenda upande gani. Upande yanakokwenda, unayafuata. Basi.

Pang: Basi?!

Lanxiu: Miaka thelathini na moja, kila siku, sinia arobaini.

Pang: Ewe mama... Kitu hicho nimekieleza kwa maneno elfu, na michoro ukutani! Ngoja. Hapa kuna gunia la mchele.

Lanxiu: Mwalimu, usi—

Pang: Gunia haliwezi kunionea huruma. Nimelisimamisha. Naweka viganja. Sasa?

Lanxiu: Na hiyo nyonga!

Pang: Sasa nafanyaje?

Lanxiu: Legeza mabega. Usilitazame. Shuka... usisukume, wewe umeshaanza kusukuma, nakusikia unavyohema!

Pang: Sisukumi.

Lanxiu: Unasukuma.

Pang: Na— [kishindo, kitu kinaviringika] Limeanguka! Limeanguka, Bi Lanxiu! Umesikia?

Lanxiu: Nimesikia.

Pang: Ni nguvu ya ndani?

Lanxiu: Labda ulilisimamisha vibaya.

Pang: Vibaya?

Lanxiu: Samahani, lakini siwezi kusema nisichokiona.

Pang: [kwa sauti kubwa, si kwa simu] Si kitu, mwanangu! Ni mfuniko tu! Naupumua ukuta! Endeleeni! [kwa kunong'ona] Anauliza kama nimeanguka tena. Unaona maisha yangu? Mfuniko ukidondoka, mtaa mzima unaniwahi.

Lanxiu: Anakupenda.

Pang: Najua ananipenda. Ndiyo shida. Kila mtu ananipenda, naambiwa uongo kutwa.

Lanxiu: Mwalimu... nikuambie kitu kingine? Hutanichukia?

Pang: Sema haraka, wanapanga vigae.

Lanxiu: Jumatano ile sikukuangusha mimi. Ulikuwa umeniegemea.

Pang: Mimi? Nimeegemea?

Lanxiu: Mzima mzima. Uzito wote ulikuwa kwangu, mguu wa nyuma mwepesi. Umezoea mtu anaondoka kabla hujafika, kwa hiyo ukimgusa mtu tayari umeshamfuata. Mimi sikuondoka. Nikayafuata maji, nikageuka kidogo, nawe ukapita. Umeangushwa na Luo, si mimi.

Pang: [gunia linakwaruza sakafu, anakaa juu yake]

Lanxiu: Nimekosea?

Pang: Kumi na moja... Miaka kumi na moja Luo anaruka. [anavuta pumzi] Wiki sita, nawe umeuona mguu wangu wa nyuma!

Lanxiu: Sikuuona. Niliusikia.

Pang: Basi kesho, saa kumi na mbili asubuhi, lango la nyuma la bustani, penye mianzi. Chai ni saa tatu, watakuwa hawajafika. Kama kipo kitu nitakunywa. Kama hakipo, nitawaambia wanyanyuke, kila mtu akanywe chai kwake.

Lanxiu: Na mwavuli wa Yunqing?

Pang: Huo niachie. Utakuja?

Lanxiu: [sauti ya ndoo ikiburutwa]

Pang: Bi Lanxiu? Umekatika?

Lanxiu: Nipo. Unajua kwa nini nilikuja bustanini?

Pang: Ulisema mgongo.

Lanxiu: Uongo. Tangu mume wangu aondoke, mwaka na nusu, nilikuwa silali. Nikilala nasikia mashine inasaga, naamka nimwambie aizime, hayupo. Siku ya kwanza mliponisimamisha chini ya mti, mikono kama nimebeba beseni, nililala.

Pang: Umesimama?

Lanxiu: Nimesimama! Nusu saa. Bi Fu akawaambia watu, "Tazameni, huyu mgeni ametulia kweli kweli."

Pang: [anacheka mpaka anakohoa] Na mimi niliwaambia wakutazame! Nilikutolea mfano!

Lanxiu: Nilikuwa nakoroma kidogo.

Pang: Nilidhani ni pumzi imeshuka!

Lanxiu: Sasa tangu mniondoe silali tena. Kwa hiyo mimi nina shida yangu, usidhani nakuja kwa wema.

Pang: Vizuri. Usije kwa wema. Wema umenitosha.

Lanxiu: Nitakuja.

Pang: Asante. [sauti inapungua] Naogopa, ujue. Mimi ninayewafundisha watu kutulia!

Lanxiu: Hata mimi naogopa.

Pang: Wewe unaogopa nini?

Lanxiu: Nikikuta kipo, itabidi nipige magoti niwe wa kumi. Na magoti yangu mabovu.

Pang: Utakaa kwenye kiti.

Lanxiu: Sikai. Nikipiga napiga.

Pang: Na nikianguka tena? Kule nyuma hakuna maua, kuna saruji. Utanishika?

Lanxiu: Hapana. Nitaleta godoro la duka, nilitandike. Ukishaanguka nitakuinua, nitakukung'uta, nitakupeleka kwa Yunqing mwenyewe, anipige. Ila kukushika kabla, hapana, Mwalimu. Ukienda, umeenda.

Pang: Sema tena.

Lanxiu: Ukienda, umeenda.

Pang: Si hilo. Lile la kwanza.

Lanxiu: Hapana?

Pang: Ndilo. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kulitamka. Lina— [mkwaruzo] —kama pilipili ya—

Lanxiu: Haloo? Sikusikii! Mwalimu, unakatika— mama yangu, maziwa! Maziwa ya soya yanafurika! Nakata! Kesho!

Pang: Saa kumi na mbili! Na uvae viatu visivyo na—

Lanxiu: Nimesikia, kwaheri, kwaheri, sufuria yangu, uwiii! [simu inakatika]

Pang: Haloo? Bi Lanxiu? Haloo... [vigae vimenyamaza, mlango unafunguliwa] Yunqing! Waambie wenzio wakusubiri. Njoo ukae hapa na baba yako, juu ya hili gunia. Sikuwa nikiutazama ukuta, mwanangu. Nataka nikuambie ninakokwenda kesho.